Kilomita za Uongo Mlimani Gråskaret

Aslaug Brekkmo hakujua kunong'ona. Akisalimia ndani ya duka, waliokuwa nje waliitika. Akigombana na dereva wa gari la kusukuma theluji kwa sababu ameziba njia ya kikongwe fulani, sisi wa kituo cha afya, ng'ambo ya barabara, tulisikia kila neno na madirisha yamefungwa. Baba yake aliendesha teksi hapa Laksdal mpaka macho yalipomkatalia, naye akaishika kazi ile akiwa bado msichana. Tangu hapo hakuna mgonjwa aliyewahi kuchelewa kwa sababu yake. Kwa ajili hiyo tulizivumilia hasira zake. Mimi ndiye niliyekuwa napanga safari za wagonjwa, kwa hiyo nalisema hili kwa kujua: ukishampa Aslaug safari, unaisahau, unashika kazi nyingine.

Mkoa ulipotangaza kwamba teksi za wagonjwa lazima ziwe za umeme, alinung'unika wee, kisha akaenda mjini Vikhamn kununua gari. Hakwenda kwa mtu baki. Alikwenda kwa Eilif, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa muuzaji katika duka la magari karibu na bandari. Eilif alikuwa na ulimi wa asali na shati lisilojua mkunjo. Alimkalisha dada yake nyuma ya usukani, akawasha skrini, kile kioo kikubwa cha katikati, na namba ikatokea kwa rangi ya kijani: kilomita mia nne na kumi.

"Hizi kilomita ni za barabarani au za kwenye tangazo?" Aslaug akauliza.

"Dada, gari linapiga hesabu lenyewe. Linajua betri, linajua mguu wako, linajua mlima. Wewe soma tu."

"Na Januari je? Gråskaret, upepo unachuna watu uso?"

"Zitapungua kidogo. Kidogo tu."

"Eilif, mimi nabeba wagonjwa. Sibebi magunia ya viazi."

"Sasa nikuuzie wewe takataka? Mama si atanichinja!"

Wakacheka wote wawili. Siku hiyohiyo Aslaug akarudi Laksdal na gari jeupe lisilo na mngurumo, akapiga honi mbele ya kituo chetu mpaka tukatoka kulitazama.

Na tusiwe wezi wa fadhila: kiangazi chote gari lile lilikuwa tamu. Halikutikisika, halikunuka mafuta, na wagonjwa walisinzia humo kama watoto mgongoni. Aliyelipenda kuliko wote ni Mzee Ingvald Røstad, mwokaji mikate wetu wa zamani. Figo zake zilikuwa zimechoka na kisukari kilikuwa kimemla miguu. Mara tatu kwa wiki alivuka mlima kwenda hospitali ya Vikhamn kusafishwa damu kwa mashine. Alikuwa mjane, na nadhani ile safari na Aslaug ndiyo ilikuwa maongezi yake ya wiki.

"Mzee, funga mkanda," Aslaug humwambia.

"Nimefunga zamani. Wewe funga mdomo, tuondoke."

"Nikifunga mdomo utalala, halafu utakoroma."

"Kukoroma kwangu ni nyimbo. Wewe huna masikio ya muziki."

Basi hivyo, kilomita mia na hamsini kwenda, mia na hamsini kurudi.

Mwezi wa Oktoba, kampuni iliyotengeneza gari ikatuma programu mpya kwa mtandao. Gari likaipakua lenyewe likiwa limeegeshwa, na asubuhi Aslaug alipoliwasha akakuta namba imepanda. Betri ni ileile, chaji ni ileile, kilomita zimeongezeka. Akampigia Eilif hapohapo.

"Betri yenu imekua? Imekula uji?"

"Hesabu ndiyo imeboreshwa, dada. Sasa ni sahihi zaidi."

Baridi ilipoingia, Aslaug akaanza kuona mambo. Anaondoka nyumbani namba imenona, lakini akifika mahali betri imeshuka nusu, namba inaanza kuporomoka kama ngazi iliyokatika. Akampigia tena. Eilif akamwambia gari bado linajifunza tabia zake, na kwamba mguu wake ni mzito. Mguu mzito! Mwanamke aliyeendesha milima hiyo tangu ujana. Lakini alimwamini mdogo wake. Akawa anaendesha polepole kama anayefuata jeneza, magari ya nyuma yakimpigia honi, naye akiyatukana kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, mwishoni mwa Januari. Dhoruba ilikuwa imeufunga mlima tangu Ijumaa, na Mzee Ingvald alikuwa amekosa mashine ya Jumamosi. Mtu wa figo akikosa mara moja, anavimba. Akikosa mara mbili, watu huanza kuongea kwa sauti ya chini. Asubuhi habari ikaja kwamba njia imefunguliwa kwa msafara: magari yanapanda kwa mstari mmoja nyuma ya gari la kusukuma theluji, na hakuna kupita, hakuna kugeuza. Nikampigia Aslaug.

"Leo lazima afike," nikamwambia.

"Atafika. Umewahi kuniona mimi sifiki?"

Alikuwa ametoka kumrudisha mama mmoja na mtoto wake bonde la pili, kwa hiyo betri haikuwa imejaa. Alipompakia Mzee Ingvald, kioo kilisema mia tatu na kumi. Njia ni mia na hamsini. Hata hivyo alinuia kusimama Mosletta, chini ya mlima, aongeze chaji, kwa kuwa alishaanza kuitilia shaka ile namba. Walipofika Mosletta wakakuta magari yamepanga foleni kwenye mashine za chaji, na mstari wa msafara umekwisha kuundwa, taa za njano zinazunguka. Msafara ule ukiondoka, mwingine haukujulikana utakuwa saa ngapi. Aslaug akatazama kioo. Mia mbili na hamsini na mbili. Mbele zilibaki mia na kumi.

"Unaonaje, Mzee?"

"Mimi mwokaji. Unga ukiwa mara mbili ya unaohitaji, unawasha tanuri."

Akaingia kwenye mstari.

Kwenye kupanda tu, namba ilipukutika kama majani ya vuli. Aslaug alijua kupanda kunakula, hakushtuka sana, akijiambia kwamba kushuka kutarudisha chaji. Walipofika tambarare ya juu, ambako upepo hauna mti wa kuuzuia, msafara ukasimama. Lori lililokuwa mbele lilikuwa limeteleza na kulala kipande kikiwa barabarani, kipande mtaroni. Taa nyekundu za gari la mbele zilionekana na kupotea, zikionekana na kupotea, kwa jinsi theluji ilivyokuwa inapita kwa ubavu. Nje ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Ndani, hita ilikuwa inanguruma.

Walingoja. Mzee Ingvald alisimulia jinsi alivyomfukuza mkaguzi wa afya kwa mwiko. Aslaug alicheka kwa nusu mdomo, jicho liko kwenye kioo. Mia moja na hamsini. Baadaye, gari likiwa limesimama palepale, mia na nne. Hakuwa amekwenda hata hatua. Kisha tisini na moja. Kisha, bila kupita themanini, ikawa sabini na tatu. Na maandishi yakajitokeza kwa adabu, kama mhudumu wa hoteli: *Punguza joto la ndani ili ufike unakokwenda.*

"Mshenzi wewe," Aslaug akaliambia gari. "Asubuhi ulikuwa wapi?"

Akapunguza joto. Baadaye akalizima. Alivua koti lake akamvalisha Mzee juu ya koti lake mwenyewe, akamfunga skafu kichwani, akamvika glavu zake. Kila mara alimuuliza, "Unasikia baridi?" Naye kila mara akajibu, "Niko salama, mwanangu, wewe ndiye unayetetemeka." Na alikuwa anasema kweli, kwa kadiri alivyojua. Kisukari kilikuwa kimeua hisia za miguu yake miaka mingi iliyopita. Alikuwa amevaa vile viatu vyepesi vya mtu anayetoka mlangoni kuingia garini na kutoka garini kuingia hospitali. Miguu ile ilikuwa inaganda, na mwenyewe hakuisikia, na Aslaug hakuiona.

Lori lilipovutwa kando na mstari ukaanza kusogea, gari jeupe lilitambaa umbali mfupi tu. Kioo kikasema arobaini, kikasema kumi na tisa, kikageuka chekundu, na gari likasimama katikati ya mlima likiwa linatangaza, naapa ndivyo alivyoniambia, kwamba limebakiza kilomita kumi na mbili.

Nyuma kabisa ya msafara huwa kuna gari la idara ya barabara linalookota wanaokwama. Dereva wake, Steinar, akaja akigonga dirisha.

"Nini tena?"

"Imekufa."

"Aslaug! Wewe? Wewe wa kupanda Gråskaret bila chaji?"

"Nilikuwa na chaji, paka wewe! Nilikuwa na kilomita za kwenda na kurudi! Nisaidie kumbeba huyu mzee kabla sijakupiga!"

Walimbeba pamoja. Mzee alikuwa ameacha kutania, na pumzi yake ilikuwa na maji ndani. Walipomwinua, kiatu kimoja kikamvuka, na Aslaug akaushika ule mguu kwa mkono mtupu. Aliniambia ilikuwa kama kushika samaki aliyetolewa kwenye friza. Hapo ndipo alipopiga ukelele ambao, kwa maneno ya Steinar, upepo wenyewe ulinyamaza kuusikiliza.

Mzee alifika kwenye mashine jioni, akiwa hai. Damu ilisafishwa, moyo ukatulia. Lakini vidole vya mguu wa kushoto vikawa vyeusi, na baada ya wiki mbili wakamkata vitatu. Kidonda cha mwenye kisukari hakina haraka ya kupona. Mzee Ingvald hakurudi nyumbani kwake majira yale ya baridi. Alilazwa mjini, mbali na jiko lake, mbali na kaburi la mkewe alilokuwa akilifagia theluji kila Jumapili.

Sasa sikiliza ya watu. Gazeti la wilaya liliandika kwamba dereva wa teksi "alikosea kukadiria" akamkwamisha mgonjwa mlimani. Lilimnukuu msemaji wa kampuni ya gari, mtu aliyekaa mbali sana na theluji yetu. Alisema namba ya kwenye kioo ni makadirio, kwamba dereva ndiye mwenye wajibu wa kupanga safari yake, na kwamba kampuni inamtakia abiria nafuu ya haraka. Dukani watu walianza kumpisha Aslaug kwa namna ile ya kumpisha mtu mwenye tanga la aibu. Mwanamke mmoja aliniuliza kama hakuna teksi nyingine. Nilimjibu vibaya, na sijuti.

Aslaug hakulala vizuri wiki zile. Alikwenda hospitali kila siku aliyopata nafasi, akikaa pembeni ya kitanda bila kusema, jambo lililomtisha Mzee kuliko kisu cha daktari.

"Nitukane basi," Mzee akamwambia. "Ukinyamaza hivi nahisi nimekwisha kufa."

"Sina tusi lako. Ninalo la mtu mwingine, sijui ni nani."

Akamjua Jumapili iliyofuata, mezani kwa mama yake.

Mama yao, Gudny, alikuwa amepika vitonge vya nyama kwa mchuzi wa kahawia, na viazi vya kuchemsha. Walikuwepo Aslaug, Eilif, na Turid, mke wa Eilif, mwalimu wa chekechea, mtu asiyemdhuru hata inzi. Kwa nusu saa hakuna aliyeutaja mlima. Kisha Turid, kwa huruma tu, kwa kutaka kumfariji wifi yake, akasema:

"Hata mimi ninalo kama lako, Aslaug, na lingeniua. Bahati Eilif aliizima ile namba ya kilomita kwenye langu tangu baridi ilipoanza. Aliniwekea asilimia ya betri. Akaniambia, ikifika nusu tu, tafuta chaji, ile namba usiisome kabisa, ni ya kuwapendeza wateja."

Eilif alikuwa ameinua uma, akaushusha taratibu.

"Rudia," Aslaug akasema. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake, wanasema, alinong'ona.

"Dada, ngoja nikueleze..."

"Sijakwambia wewe. Turid, rudia."

Turid alikuwa amekwisha kuelewa, akaanza kulia.

"Tuliambiwa tusiseme," Eilif akaanza kumwaga maneno. "Kwenye mkutano wa wauzaji. Ile programu ya Oktoba, namba ya juu wameipamba. Betri ikijaa inaonyesha matumaini, ikipungua ndiyo inaanza kusema kweli. Wateja wakilalamika tuwaambie ni namna yao ya kuendesha. Sote tuliambiwa hivyo! Si mimi peke yangu!"

"Nilikuuliza."

"Najua."

"Nilikuuliza dukani. Nilikuuliza Oktoba. Nilikuuliza Novemba, ukaniambia mguu wangu mzito!" Sasa sauti ilikuwa imerudi, na majirani walisimama kwenye madirisha yao. "Mke wako ukamwambia ukweli. Mimi ukaniambia mguu mzito! Mzee wa watu ameachwa na vidole viwili mguuni, na wewe umekaa hapa unakula vitonge!"

"Ningekwambia ungelirudisha gari! Ulikuwa wa kwanza kununua kwa ajili ya teksi, madereva wengine wote walikuwa wanakutazama wewe!"

Hilo ndilo lililomwangusha Aslaug, maana lilikuwa kweli tupu. Mama Gudny, mwenye miaka themanini na ushei, aliinuka, akachukua sahani ya Eilif iliyojaa, akaimwaga kwenye ndoo ya taka, akairudisha tupu mbele yake. Aslaug alitoka bila koti.

Jumamosi iliyofuata, duka la magari lilikuwa na siku ya wazi. Kahawa bure, keki nyembamba za kuokwa kwenye chuma cha moto na jibini la kahawia, maputo ya bluu mlangoni. Aslaug alifika wa kwanza. Alichukua keki, akaketi kwenye gari la maonyesho lililo sawa na lake, akaacha mlango wazi. Kila aliyekuja kutazama alikaribishwa.

"Karibu, karibu. Unaiona hii namba ya kijani? Nzuri, eeh? Inang'aa. Ni uongo. Mimi nimeibeba mpaka Gråskaret, ikanitema."

Kijana na mkewe mjamzito walisimama kusikiliza. Mzee mwenye kofia ya manyoya akasema naye lake lilimfia karibu na nyumbani, alidhani ni uzee wake. Mwingine akaongeza. Watu wakawa wengi kuliko keki. Meneja wa duka, mtu mwembamba mwenye tabasamu la kubandika, akaja.

"Bibi, ukiwa na malalamiko, tuna utaratibu."

"Utaratibu wenu naujua. Mnasema mguu wangu mzito. Utazame! Mzito?" Akaunyosha na buti lake kutoka garini. Watu wakacheka, ila yeye hakucheka. "Semeni tu ukweli. Andikeni pale ukutani: baridi ikikaza, toa nusu. Basi. Mtu atajipanga. Sisi huku tumezaliwa na baridi, hatuogopi baridi. Umeme pia sina ugomvi nao. Nyie mnaojua mkanyamaza, ndio nina ugomvi nanyi!"

Meneja akamgeukia Eilif. "Ni dada yako. Mtoe."

Ningependa kukusimulia kwamba Eilif alikataa. Hakukataa. Alimjia dada yake, macho chini, akamshika mkono juu ya kiwiko, akamwambia kwa sauti ndogo, "Twende, dada, tafadhali." Aslaug aliutazama ule mkono, akamtazama mwenye mkono. Kisha akatoka mwenyewe. Mlangoni, chini ya maputo, alimzaba kofi moja lililosikika mpaka kwenye mashine ya kahawa.

"Hilo la Ingvald," akasema. "Langu bado."

Alipeleka shauri kwenye baraza la kutetea haki za wanunuzi. Kampuni ikaleta wanasheria na maneno yaleyale, makadirio, wajibu wa dereva. Barua zikaenda, zikarudi. Wengine waliokwama wakajitokeza, lakini kila mmoja alijibiwa kivyake kwamba ni uendeshaji wake. Aslaug alikuwa anaelekea kushindwa, na alijua. Aliendelea kubeba wagonjwa kwa gari lilelile, maana hakuwa na jingine. Kioo alikibandika kipande cha plasta ya vidonda nilichompa mimi, kuifunika namba, akasoma asilimia peke yake.

Mwezi wa Machi gari likapokea programu mpya tena. Aslaug akaibandua plasta kwa kushuku. Betri imejaa, na namba imeshuka kwa karibu theluthi. Gari zima halikuwa na neno la pole. Kulikuwa na mstari mmoja tu: *Maboresho madogo ya maonyesho.* Alikuja kituoni akanivuta mpaka garini nikasome mwenyewe.

"Umeona? Umeona wanavyojua kuirekebisha? Kumbe ni kidole tu! Mtu ameketi mahali na kikombe cha chai, amebofya kidole! Wangekibofya Januari mzee angekuwa na vidole vyake! Hawakushindwa, hawa. Hawakutaka!"

Nilimshika, akalia mabegani mwangu kwa hasira, hasira kavu inayotikisa mbavu.

Sijui kama ni programu ile, au ni ile sahani tupu ya mama yake, au ni Turid aliyehamia chumba cha wageni. Wiki hiyohiyo Eilif alikwenda hospitali, akaketi pale alipokuwa akiketi dada yake, akamweleza Mzee Ingvald kila kitu kwa mdomo wake. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Mimi nimeoka mikate miaka arobaini," Mzee akamwambia. "Kuna siku unga ulikuja na funza. Ningeweza kuoka tu, moto unaua kila kitu, hakuna ambaye angejua. Unataka nikupongeze kwa kuja? Sikupongezi. Nenda kaseme kwa wanaohukumu."

Akaenda. Alisema mbele ya baraza aliyoyasikia kwenye mkutano wa wauzaji, na alipomaliza yeye, wauzaji wengine wawili wa miji mingine walipata ujasiri. Duka lilimwachisha kazi kabla jua halijatua. Baraza likaamua gari lirudishwe, na kwamba kosa halikuwa la dereva. Gazeti la wilaya liliichapa habari hiyo ukurasa wa ndani, chini ya habari za mashindano ya kuteleza kwenye theluji kwa mbao. Aslaug aliukata ule ukurasa akaubandika mlangoni mwa duka la kijiji, mbele kabisa, mpaka mwenye duka akaja kuniomba nimwombe auondoe. Sikumwomba.

Alinunua gari jingine, la umeme vilevile, la kampuni nyingine. Namba yake ni ndogo na haipendezi, lakini ikisema kitu, inakisimamia. Mzee Ingvald alirudi Laksdal mwezi wa Mei, akitembea kwa fimbo, mwembamba, akidai chumvi kwenye kila chakula. Safari zikaanza upya, na mizozo ya koromo ikaanza upya.

Ilipofika vuli, wagonjwa wa kupelekwa ng'ambo ya mlima walikuwa wameongezeka, na Aslaug peke yake hakutosha. Tukahitaji dereva wa pili. Nilitangaza nafasi, na aliyepiga simu alikuwa Eilif. Nilimwambia hilo si la kuamua mimi. Alikuja mwenyewe hadi uani kwa dada yake, mimi nikiwepo, akasimama penye tope bila lile shati lake lililonyooka. Aslaug alikuwa anafunga tairi za theluji. Hakuinuka.

"Nimesikia unatafuta dereva," Eilif akasema.

"Natafuta dereva. Sitafuti ndugu."

"Najua kuendesha Gråskaret. Baba alitufundisha wote."

Aslaug akakaza nati moja, akakaza ya pili. Nilidhani atamrushia spana.

"Jumatano na Ijumaa," akasema hatimaye. "Mzee Ingvald humbebi, huyo ni wangu. Ukianza kupanda mlima bila kuchaji Mosletta, hata kama betri inamwagika, usirudi. Na Eilif, kazi nakupa kwa sababu watu wanahitaji kufika. Msamaha usiuombe. Hauko hapa."

"Sawa, dada."

"Na usiniite dada mbele ya abiria."

Akamtupia glavu. Eilif akaziokota kwenye tope, akachuchumaa kwenye tairi la pili, na wakaendelea kufunga, kila mmoja upande wake wa gari.